Taa Yako Inamtii Nani? Vizazi Vinne vya Taa za Mapambo Mjini Goma

Nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Katindo, nina stoo ya mbao yenye masanduku manne. Kila sanduku limejaa taa za mapambo za zama zake. Tangu mwaka 2008 napamba sale, yaani kumbi, za harusi, ubatizo na sherehe za kumaliza masomo hapa Goma, na kila aina mpya ya taa ilipoingia mjini, ile ya zamani niliikunja, nikaifunga kwa kamba na kuihifadhi. Watu wananiita Mama Deko. Kijana akija kwangu kujifunza kazi, simpeleki kwenye sale siku ya kwanza. Namketisha stooni na kumfungulia sanduku moja baada ya jingine, kwa sababu mtu asiyejua taa zimetoka wapi atanunua chochote kinachometameta.

Na vinavyometameta ni vingi siku hizi. Ingia mtaa wa soko wa Birere asubuhi uone maboksi yanavyoshushwa. Nyingi ya taa hizo zimetengenezwa Guzhen, mji wa jimbo la Guangdong nchini China ambao maisha yake yote ni biashara ya taa. Zimepita baharini, zikapanda malori hadi kwetu, na baadhi zimevuka mpaka wa Petite Barrière kwenye baiskeli za magurudumu matatu za ndugu zetu walemavu. Juu ya maboksi pameandikwa kwamba taa inaamrishwa kwa simu, inasikia sauti, inacheza na muziki.

Mteja akiliona boksi, swali lake ni lile lile: "Mama Deko, hii mpya si ni bora kuliko ya zamani?" Nami namuuliza: "Mama, hiyo taa inamtii nani?" Tofauti kubwa kati ya vizazi vya taa hizi ni amri: inatoka wapi, inapita njia gani, na ikikatikia njiani taa inabaki katika hali gani. Idadi ya rangi huja baadaye. Kwa mji kama wetu, ambako umeme na intaneti huja na kuondoka, swali la amri ndilo la kwanza.

Sanduku la kwanza: zinazotii prizi

Sanduku la kwanza ni zito. Ndani yake mna ampuli zilizopakwa rangi, kila moja ya wati 25, pamoja na girlandi za vitaa vidogo kama punje za mahindi. Taa hizi zinajua mambo mawili tu: ukizichomeka kwenye prizi zinawaka, ukizichomoa zinazima.

Girlandi zile zilitutesa. Vitaa vyake vimeungwa kwa mfululizo, umeme ukipita kimoja ndipo uingie kingine. Kimoja kikiungua, kipande kizima kinalala. Nimeketi sakafuni saa nyingi na shangazi yangu aliyenifundisha kazi hii, tukichomoa kitaa na kuweka kingine, kimoja kimoja, hadi tumpate mgonjwa.

Ampuli nazo zilikula umeme. Ampuli ya waya mwembamba hutoa mwanga kwa kuchemka, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake hupotea kama joto. Ampuli 20 za wati 25 ni wati 500. Enzi hizo umeme wetu ulikuwa wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukitoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, na mara nyingi usiku wa harusi haukuwepo. Tuliwasha jenereta, na pesa ya mafuta ikala faida. Joto lile pia liliunguza vitambaa. Nilijifunza mapema kutopitisha pazia karibu na ampuli.

Sanduku la pili: zinazotii telekomandi

Sanduku la pili ni la mikanda ya LED yenye nyaya nne. Ilipofika kwetu, kazi yangu ilibadilika.

Inafaa kujua kwa nini ilichelewa. LED ni kipande kidogo cha madini yaliyotengenezwa maalumu, kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake, bila kuchemsha waya. Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alionyesha LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962. Ya kijani ilifuata. Ya buluu iligoma kwa miaka thelathini, na bila buluu huwezi kupata mwanga mweupe wala kuchanganya rangi zote. Watafiti watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioifungua njia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kila harusi yenye mwanga wa zambarau ukutani ina deni kwa watu hao watatu.

Mkanda wa kawaida wa kizazi hiki huitwa 5050, kwa sababu kila taa yake ni mraba wa milimita 5 kwa 5. Ndani ya mraba huo mna vitaa vitatu: chekundu, kijani na buluu. Mita moja ina taa 60 na hula wati 14.4 ukiwasha rangi zote kwa nguvu yote, kwa hiyo mviringo mzima wa mita 5 ni wati 72. Unatumia volti 12 kupitia transfo, yaani kile kisanduku kinachoshusha umeme wa ukutani. Taa zimefungwa tatu tatu, na ndiyo maana mkanda unakatwa kila baada ya taa tatu, pale penye alama ya mkasi. Kundi moja likifa, taa tatu zinazima na nyingine zinaendelea. Kwangu mimi niliyekesha nikitafuta kitaa kibovu, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Linganisha sasa na sanduku la kwanza. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takribani wati-saa 1,200. Ukiitunza usiimalize chini ya nusu, unabaki na 600. Ampuli zangu 20 za zamani zingezimaliza kwa saa moja na dakika chache, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye kifaa cha kubadili umeme wa batri. Mkanda wa LED wa mita 5, unaokula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye batri, utawaka saa nane. Harusi inaanza na kwisha, maharusi wanaondoka, na mkanda bado unawaka.

Kizazi hiki kinatii telekomandi ndogo yenye vitufe 24 au 44. Amri inatoka mkononi mwako, inavuka mita chache, inafika kwenye kidhibiti. Haiombi ruhusa kwa mtu mwingine yeyote.

Udhaifu wake ni kwamba mkanda mzima ni mtu mmoja. Ukisema nyekundu, taa zote 300 zinakuwa nyekundu. Udhaifu huo niliuona waziwazi baada ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni na lava ikateremka hadi ukingoni mwa mji. Sisi tuliozaliwa hapa tumekua tukiona wekundu wa mlima usiku. Lakini baada ya tarehe ile wateja waliniomba: "Mama Deko, usituwekee nyekundu kwa juu." Bibi harusi mmoja, ambaye familia yake ilipoteza nyumba upande wa Buhene, alitaka nyekundu ya maua yake ibaki mezani na darini pawe na rangi ya ziwa tu. Kwa mkanda wa nyaya nne nililazimika kufunga vidhibiti viwili na telekomandi mbili. Hizo nazo zilisikilizana: ukibonyeza moja, vyote viwili vinaitika. Nikakifunika kimoja kwa karatasi ya fedha ya jikoni hadi nikapata ninachotaka.

Sanduku la tatu: kila taa na sikio lake

Tatizo hilo lilitatuliwa na kampuni ya China iitwayo Worldsemi. Ilitengeneza taa inayoitwa WS2812, ambayo ndani ya mraba ule ule wa milimita 5 imebeba pia ubongo mdogo, chipu inayosikiliza amri. Nje ni mkanda kama ule wa zamani, ila badala ya nyaya nne una tatu: chanya, hasi, na mmoja wa kupitisha ujumbe.

Vijana wangu nawaeleza hivi. Fikiria watu 300 wamesimama mstari mmoja kutoka Rond-point Signers kuelekea Birere. Mtu wa kwanza anakabidhiwa rundo la barua 300. Anachukua ile ya juu, ambayo ni yake, na kupitisha zilizobaki. Wa pili anachukua ya juu, anapitisha. Hadi mwisho wa mstari kila mtu ana barua yake, na kila barua inasema: wewe uwe na nyekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, buluu kiasi hiki. Kila rangi ina ngazi 256, na ukizidisha zote tatu unapata rangi zaidi ya milioni 16. Rundo zima linapita kwa sehemu moja ya mia ya sekunde hivi, kwa hiyo jicho linaona mawimbi, mvua, moto, au rangi ya ziwa ikitembea darini.

Bibi harusi wa Buhene angeridhika kwa mkanda mmoja tu.

Lakini mfano ule ule wa mstari unaonyesha pia ubovu wa kizazi hiki. Mtu mmoja akianguka na rundo mkononi, wote walio nyuma yake hawapati barua. Taa moja ikiharibika, zilizo nyuma yake zinazima au zinaanza kuwaka ovyo. Ni yale mateso ya girlandi yamerudi kwa sura nyingine, ila safari hii mgonjwa anajulikana upesi. Ni taa ya kwanza isiyotii, au ile iliyo kabla yake. Unakata, unaweka nyingine, unalehemu vituo vitatu kila upande, kazi imekwisha. Baadaye yakaja matoleo yenye njia ya akiba, kama WS2813 na WS2815, ambamo ujumbe unaruka taa moja iliyokufa na kuifikia inayofuata. Ukiweza kuchagua, chagua hayo.

Jambo la pili ni umeme. WS2812 inatumia volti 5, na taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu yote inavuta takribani miliampea 60. Mkanda wa taa 300 unavuta ampea 18, yaani wati 90. Ampea 18 si mchezo kwa waya mwembamba. Volti zinapungua kadiri umeme unavyosafiri, na mwisho wa mkanda nyeupe inageuka manjano, kisha inaelekea wekundu, kwa kuwa buluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Watu hurudisha mkanda dukani wakidhani ni mbovu. Dawa ni kuulisha umeme kutoka pande zote mbili, au kununua ule wa volti 12, ambao unabeba nguvu ile ile kwa ampea chache zaidi.

Jambo la tatu ni kamera. Taa za LED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana. WS2812 za mwanzo zilifanya hivyo mara 400 hivi kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera ya mpiga video inaona, na picha inakatwa mistari myeusi. WS2813 iliongeza kasi hiyo hadi mara 2,000. Kabla ya kufunga taa, mimi huwasha mkanda kwa mwanga hafifu na kumwomba mpiga video aupige kwanza. Maharusi watakaa na video ile muda mrefu kuliko watakavyokaa na keki.

Sanduku la nne: zinazotii simu

Sasa tumefika kwenye taa ambazo wateja wananijia nazo wakiwa na furaha. Kizazi hiki kilianza kujulikana duniani mwaka 2012, kampuni ya Philips ilipotoa ampuli za Hue, zinazoamrishwa kwa simu kupitia kisanduku cha katikati. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ndogo ya Wi-Fi, ESP8266, kwa bei iliyowezesha karibu taa yoyote kupewa Wi-Fi yake. Tangu hapo milango ikafunguka.

Sitaki kuudharau uzuri wake. Mtoto wa dada yangu anayeishi Brussels alinitumia girlandi ya Twinkly, kazi ya Waitaliano wa Milano. Unazitupa taa zake juu ya mti au lango bila mpangilio wowote, kisha unazielekezea kamera ya simu. Taa zinawaka kwa zamu, simu inatambua kila moja iko wapi, na baada ya hapo unachora kwa kidole rangi zikufuate. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya. Kazi niliyokuwa nikiifanya kwa ngazi na chaki kwa nusu siku ilikwisha kwa dakika chache. Taa hizo zenyewe zina vizazi: cha kwanza kilitegemea Wi-Fi peke yake, cha pili kikaongezewa Bluetooth ili iwe rahisi kuziunganisha na simu siku ya kwanza. Na zina sifa ninayoithamini kuliko zote: simu inaweza kuzungumza na taa moja kwa moja, bila intaneti.

Si zote zilizo hivyo. Nilijifunza kwa uchungu kwenye harusi moja huko Himbi, kwa ampuli za Wi-Fi za kampuni ambayo sitaitaja. Tulizifunga 16, tukazipanga rangi ya dhahabu, zikapendeza. Jioni umeme ukaanza kukatika na kurudi, jenereta ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa tena. Ghafla ampuli zote zikaanza kupepesa nyeupe haraka haraka, na simu ikasema haizioni.

Siku ya pili nilielewa. Ampuli nyingi za aina hiyo hazina kitufe. Zimetengenezwa hivi: ukiziwasha na kuzizima upesi mara tatu au zaidi, zinadhani unaziamuru zimsahau mwenyewe na kusubiri mwingine. Kule zilikobuniwa, umeme haukatiki mara tatu ndani ya dakika moja isipokuwa mtu amekusudia. Hapa kwetu ni jioni ya kawaida. Kuziunganisha upya kulihitaji intaneti, maana akaunti yangu ilihifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo ya bahari, na mtandao jioni ile ulikuwa hafifu. Bibi harusi aliingia chini ya taa zinazopepesa. Nilimrudishia mama yake sehemu ya pesa na kumwomba radhi, na tangu siku hiyo sijafunga taa kwenye sale kabla ya kuijaribu kwa njia nitakayoieleza hapa chini.

Ampuli zile zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba amri yangu, iliyotoka kwa mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwenye taa, ilipaswa kuvuka bahari na kurudi. Njia ikikatika popote, taa inakuwa yatima.

Na njia hukatika hata katika nchi zenye umeme wa uhakika. Mwezi Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima kompyuta zake ghafla, na wateja wakaamka nyumba zao haziitiki kwenye simu. Watengenezaji wa Philips Hue nao, mwezi Aprili 2020, walisitisha huduma za intaneti kwa kisanduku cha kwanza cha Hue, kile cha mviringo, ingawa waliacha njia ya kukitumia ndani ya nyumba. LED njema inaweza kuwaka saa elfu nyingi. Ubongo wake uliokopeshwa unaweza kustaafu mapema zaidi.

Hapa kwetu hatuhitaji mifano ya mbali. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini na waasi wa M23 wakauteka, umeme ulikatika, maji yakakatika na mtandao ukayumba. Kupamba hakukuwa na maana siku zile. Hata hivyo taa ilikuwa na maana. Nilitoa mkanda wa sanduku la pili, nikauunga kwenye batri ya gari, nikabonyeza telekomandi, na majirani wanane walikaa chini ya mwanga ule usiku kucha pamoja na watoto wao. Taa za sanduku la nne sikuzigusa.

Njia ya katikati

Je, nasema turudi nyuma? Hapana. Ipo njia ya kupata uzuri wa kizazi kipya na utiifu wa kile cha zamani, na ndiyo ninayoitumia sasa.

Kijana mmoja fundi wa mtaa wa Majengo alinionyesha programu ya bure iitwayo WLED, iliyoanzishwa na Mjerumani Christian Schwinne. Unaipakia kwenye kidhibiti kidogo chenye chipu ya Espressif, unakiunga na mkanda wa sanduku la tatu, na kidhibiti kinatengeneza Wi-Fi yake chenyewe. Simu yako inaingia humo kama inavyoingia Wi-Fi ya nyumbani, bila data, bila akaunti. Mipangilio yote inakaa ndani ya kidhibiti. Umeme ukikatika na kurudi mara kumi, mkanda unarudi kwenye rangi uliyouchagulia. Programu hiyo inaweza pia kuwekewa kikomo cha umeme, ili mkanda usivute kuliko transfo inavyoweza kubeba.

Hata makampuni makubwa yameanza kuliona jambo hili. Oktoba 2022 ilitolewa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, inayowezesha vifaa vya makampuni tofauti kuzungumza ndani ya nyumba kupitia mtandao wa nyumba yenyewe. Ukiona alama yake kwenye boksi, ni dalili njema, ingawa haiondoi haja ya kujaribu.

Umeme wetu nao umebadilika. Kampuni ya Virunga Energies imeleta umeme wa maji kutoka Matebe huko Rutshuru, mtambo uliozinduliwa mwaka 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilizindua mtambo wa jua wa megawati 1.3 hapa hapa mjini. Mwenye mita ya kulipia kabla anaona kila wati ikimtoka mfukoni. Ndiyo maana nashauri LED kwa kila mtu. Lakini kadiri tunavyolipia umeme wetu wenyewe, ndivyo tunavyopaswa kumiliki taa zetu wenyewe.

Mambo matatu kabla ya kununua

Kwanza, mwangalie mtu chini ya taa kabla ya kuangalia ukuta. Nyeupe inayopatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu haiipendezeshi ngozi yetu. Inaifanya ionekane ya kijivu. Tafuta mkanda wenye kitaa cha nne, cheupe cha joto, kwa ajili ya meza ya maharusi. Rangi ziache kwenye kuta na darini.

Pili, ogopa moto. Mji wetu una nyumba nyingi za mbao, na sale zetu tunazivika vitambaa kutoka juu hadi chini. LED haichemki kama ampuli ya zamani, na hilo limewafanya watu wasahau transfo. Hesabu wati za mkanda, kisha nunua transfo yenye uwezo wa kuzidi hapo angalau kwa robo. Iweke mahali penye hewa, kamwe usiifunike kwa kitambaa. Weka fyuzi. Usiviringishe ralonji ikiwa inabeba mzigo, maana waya uliojikunja hutunza joto.

Tatu, uliza kama inatengenezeka hapa. Mkanda unakatwa na kulehemiwa na fundi yeyote mwenye mkono mtulivu. Ampuli iliyogandishwa ubongo na taa kwenye plastiki moja, ikifa, ni takataka. Nchi yetu haina nafasi ya takataka hizo, wala Ziwa Kivu halina. Mimi situpi mkanda. Vipande vizima navitoa na kuviunga kuwa taa za kusomea watoto wa jirani.

Ukiniuliza hukumu yangu, ni hii. Kwa nyumba na duka dogo, mkanda wa sanduku la pili wa volti 12, telekomandi na batri unatosha, na utakuwa nao miaka mingi. Kwa sale, bendi na mpambaji, nunua wa sanduku la tatu wenye njia ya akiba, na uupe kidhibiti chenye Wi-Fi yake. Taa za sanduku la nne nunua zile tu zinazotii bila intaneti. Pesa ni ngumu mjini tangu benki zilipofungwa mwaka 2025, na anayekosea kununua hana pa kurudishia.

Kwa hiyo ukienda Birere, usimwache muuzaji akuonyeshe taa kwa simu yake yeye. Toa simu yako. Zima data. Mwombe achomoe taa na kuichomeka tena mara tano, upesi upesi, kama umeme wetu unavyofanya jioni. Kisha iamrishe ibadili rangi. Ikitii, ilipe uende nayo nyumbani. Isipotii, mrudishie boksi lake.